Pengo la Bibi na Kadi ya Kunasa Video

Kila nyumba ya pwani ninayoijua ina kanda za video ambazo hakuna anayeziangalia na hakuna anayethubutu kuzitupa. Ziko juu ya kabati, uvunguni, au kwenye sanduku la bati pamoja na vyeti vya shule na hati ya kiwanja. Ubavuni zimeandikwa kwa kalamu: Harusi 1995. Hitima ya Babu. Maulidi. Nyingine ina neno moja tu, USIFUTE, bila kusema kuna nini ndani. Aliyeandika alimwogopa mtoto ambaye angerekodi mpira juu ya harusi. Unyevu wa bahari hakuufikiria, wala hakufikiria kwamba siku moja deki zenyewe zitakwisha. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho inayojulikana kutengeneza deki za VHS, iliacha kuzitengeneza Julai 2016. Tangu hapo kila deki iliyobaki duniani ni mtumba.

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikizihamisha kanda za ukoo wetu kwenda kwenye kompyuta, na watu wananiuliza maswali yale yale. Mbona picha inakuja bila sauti? Mbona sauti inachelewa? Mbona kuna mngurumo? Nitayajibu hapa kadiri ninavyojua. Lakini kuna swali ambalo hawaniulizi, nalo ndilo lililonifanya niandike: kabla hujarekebisha, umejuaje kwamba hilo ni kosa? Kompyuta haijui. Ndani ya kanda kuna hitilafu za mashine na kuna mtu mwenyewe, na vyote viwili hupita kwenye waya mmoja.

Kwanza tukumbuke kanda hizi zilikuwa kitu gani kwetu. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini sisi wa bara tulisubiri hadi 1994 ndipo vituo vikaanza kurusha matangazo. Kabla ya hapo, mwenye luninga na deki alikuwa na luninga ya kuangalia kanda basi. Kwa hiyo wako watu waliomwona shangazi yao kwenye luninga kabla hawajamwona msomaji wa habari hata mmoja. Harusi ilirekodiwa, kanda ikazungushwa mtaa mzima, ikapelekwa Mombasa, nyingine ikapanda ndege hadi Muscat kwa jamaa walioko huko. Huko iliangaliwa bila shida, maana Oman nao walitumia mfumo wa PAL kama sisi, fremu 25 kwa sekunde. Zile zilizotoka Marekani ndizo zilizoleta taabu. Wenzetu wale walitumia NTSC, fremu 29.97, na kwenye deki nyingi za hapa picha ilikimbia juu kwa juu kama pazia kwenye upepo. Ukikutana na kanda ya namna hiyo leo, usimlaumu fundi wala kadi. Tafuta deki inayosoma mifumo yote miwili, kisha uiambie na programu ya kompyuta kwamba kinachoingia ni NTSC.

Kanda ninayotaka kuizungumzia ni ya harusi ya mama mdogo, Tanga, mwaka 1995. Inakaribia saa tatu. Mpiga video wa kukodi, mwenye kamera ya kubeba begani, alirekodi kila kitu: sufuria za pilau, watoto wanaojipitisha mbele ya kamera, bwana harusi anayetokwa jasho. Kwenye dakika ya themanini hivi alipita kwa wazee akiwaomba kila mmoja neno la nasaha kwa bibi harusi. Mmoja wao ni bibi yangu, mzaa mama. Anaongea kwa sekunde arobaini na kitu. Alifariki mwaka 1997, na hatuna popote pengine ambapo sauti yake imehifadhiwa. Mimi kwenye harusi ile nilikuwa na miaka sita. Uso wake naukumbuka, mkono wake naukumbuka, sauti sina.

Mwaka 2009 kanda hiyo ilipelekwa kwenye duka moja mjini ikahamishiwa kwenye DVD. Walifanya kazi yao haraka, na mwenye duka akatuambia kwa fahari kwamba kelele zote amezisafisha. Tukakaa sebuleni. Picha ilikuwa safi ya kutosha. Ilipofika zamu ya bibi, midomo yake ikaanza kucheza huku tukisikia bado ngoma ya nje, kisha baada ya kama sekunde tano maneno yakafuata. Kamera ilikuwa imeshahama alipokuwa akimalizia. Maneno yake ya mwisho yakaangukia kwenye mdomo wa shemeji mmoja aliyekuwa anatafuna nyama. Watu wakacheka. Mama hakucheka. Akasema, "Huyu kafanana na mama, lakini sauti si yake," akaenda jikoni. DVD ile haikuwekwa tena.

Nilipoanza kazi hii, nilitaka vitu viwili tu: midomo ya bibi ikutane na maneno yake, na mama asikie sauti aliyoijua.

Vifaa vyenyewe si vya kutisha. Deki nilinunua kwa fundi mmoja wa redio, mzee ambaye bado ana deki sita dukani kwake na anazijua kama mfugaji ajuavyo ng'ombe. Kadi ya kunasa video siku hizi ni kijiti cha USB chenye mikia: wa njano kwa picha, mweupe na mwekundu kwa sauti ya kushoto na kulia. Baadhi vina na tundu la S-Video, ambalo hutoa picha nzuri zaidi kama deki yako inalo pia. Chomeka kijiti moja kwa moja kwenye kompyuta. Ukikipitisha kwenye kigawio cha USB pamoja na mausi na flashi, vitagombania njia, na anayeshindwa huwa ni video.

Kabla ya kuingiza kanda yoyote, fungua kile kifuniko chake cha mbele uangalie mkanda kwenye mwanga. Ukiona unga mweupe, hiyo ni kuvu. Usiicheze. Kuvu hiyo itahamia kwenye hedi za deki, na kutoka hapo itaambukiza kanda zote zinazofuata. Kanda ya namna hiyo husafishwa kwanza na mtu anayejua. Iliyo nzima, ipeleke hadi mwisho kisha uirudishe mwanzo kabla ya kunasa, ili mkanda uliojikunja miaka yote hiyo ujinyooshe.

Basi nikabonyeza, na picha ikaja. Sauti hakuna.

Hili ndilo tatizo la kwanza la karibu kila mtu, na mara nyingi waya hauna kosa lolote. Deki nyingi za zamani zina tundu moja tu la sauti, kwa hiyo mkia mmoja utabaki unaning'inia, na hilo ni sawa. Kama luninga inatoa sauti kutoka kwenye deki hiyo hiyo, tatizo liko kwenye kompyuta. Windows huihesabu sauti ya kadi kama maikrofoni. Kwenye mipangilio ya faragha kuna sehemu ya kuruhusu programu zitumie maikrofoni, na ikiwa imefungwa, kadi itapiga kelele yote iwezayo na programu isisikie kitu. Hakuna onyo linalotokea. Fungua ruhusa hiyo, kisha ndani ya programu unayotumia chagua sauti ya kadi yenyewe, maana programu ikiachiwa huchukua maikrofoni ya kompyuta, ukaishia kurekodi feni na mazungumzo yako mwenyewe.

Wengi wakishindwa hapo huchukua njia ya mkato. Picha wanaipitisha kwenye kadi, sauti wanaichomeka kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta. Inafanya kazi, lakini umeshaingiza saa mbili ndani ya nyumba moja. Kadi ina saa yake ya kuhesabu fremu, tundu la sauti lina saa yake ya kuhesabu sampuli 48,000 kwa sekunde, na hakuna saa mbili zinazokwenda sawasawa kabisa. Zikitofautiana kwa moja katika elfu, kwa saa moja ya harusi unapishana sekunde 3.6. Mwanzoni huoni kitu. Mwishoni imamu anafungisha ndoa huku watu wanakula.

Mngurumo nao ulikuja, ule wa chini unaoendelea bila kupumua. Huo ni umeme wa hertz 50 unaopita kati ya deki na chaja ya kompyuta. Chomoa chaja, tumia betri, usikilize. Ukikata hapo hapo, umempata mchawi. Chomeka vifaa vyote kwenye soketi moja ya ukutani, na kama bado unarudi, nasa kwa betri vipande vipande.

Kisha likaja lile la sekunde tano. Hapa inabidi tufungue kanda kidogo, maana ukijua ilivyotengenezwa utashangaa kwamba sauti na picha ziliwahi kukutana.

Mkanda wa VHS una upana wa milimita 12.7. Picha imeandikwa katikati, kwa mistari ya mshazari, na hedi zilizofungwa kwenye ngoma inayozunguka mara 25 kwa sekunde. Sauti ya kanda ya kawaida haimo mle. Imeandikwa pembeni kabisa, kwenye ukingo wa juu, na hedi nyingine isiyozunguka, iliyokaa karibu sentimita nane mbele ya ngoma. Mkanda unatembea sentimita mbili na ushei kwa sekunde. Piga hesabu: neno la bibi na mdomo wake uliolitoa vimelala kwenye mkanda vikiwa vimeachana kwa zaidi ya sekunde tatu. Deki ndiyo inayovikutanisha kila mara unapoicheza, kwa sababu umbali ule ni ule ule kwenye kila deki. Ukiukata mkanda wima kwa mkasi, sauti utakayoishika si ya picha utakayoishika.

Kwa hiyo deki inatoa vyote viwili vikiwa sawa. Vinaachana ndani ya kompyuta. Kujua vimeachanaje, usikisie, pima. Tafuta kwenye kanda mahali ambapo tendo na sauti yake vinaonekana wazi: kofi, mpigo wa ngoma, mlango unaofungwa. Pima mwanzoni, katikati na mwishoni. Kama sauti imechelewa kiasi kile kile pote, hiyo ni rahisi, unaisogeza mara moja kwa milisekunde hizo na kazi imekwisha. OBS Studio na programu nyingine zina sehemu ya kufanya hivyo. Kama inazidi kuchelewa polepole, kwa mwendo mmoja, hizo ni saa mbili, na dawa ni kurudisha sauti kwenye kadi ile ile ya picha, au kunyoosha sauti yote kwa kipimo kimoja. Kama iko sawa, kisha ghafla inaruka, halafu inakaa sawa tena hadi mruko mwingine, basi fremu zinadondoka.

Yetu ilikuwa inaruka. VirtualDub, programu ya zamani ya bure, ina kihesabio cha fremu zilizodondoka. Nikakaa nayo na daftari. Kila mpiga video aliposimamisha kamera na kuiwasha tena, picha iliyumba kidogo, kadi ikapoteza mshiko, fremu kumi zikaenda, mara ishirini. Sauti haikujali, iliendelea kutiririka. Fremu 25 zikipotea, picha imekuwa fupi kwa sekunde moja na sauti imebaki nyuma kwa sekunde hiyo. Hadi kufika dakika ya themanini, fremu mia na ishirini na kitu zilikuwa zimekwenda. Karibu sekunde tano. Nikamkumbuka yule shemeji na nyama yake.

Safari moja kadi iligoma kabisa na kuleta ujumbe kwamba kanda hii imelindwa, hairuhusiwi kunakiliwa. Harusi ya mama mdogo, jamani, imelindwa na nani? Kumbe kadi nyingi zikiona mawimbi yanayoyumba huyadhania ni ule ulinzi uliokuwa ukiwekwa kwenye kanda za sinema za kuuza.

Nikambeba deki hadi kwa fundi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Imekusumbua?"

Nikamweleza. Akaicheza kanda kwenye luninga yake kuu kuu ya mgongo, na picha ikatulia kama maji ya mtungini. Nikasema mbona hapa haina shida?

"Luninga hizi zina subira," akasema. "Mkanda ukiyumba, yeye anayumba nao. Kompyuta haina subira. Anataka kila mstari ufike kwa wakati, usipofika anautupa."

Akavuta kutoka rafuni mashine ya kurekodi DVD, yenye vumbi, akasema niiweke katikati: deki, kisha hiyo, kisha kadi. Nisirekodi chochote ndani yake, nipitishe tu. Baadhi ya mashine hizo zina kumbukumbu ndogo ndani, inayopokea fremu iliyochelewa na kuitoa tena ikiwa imepangwa upya. Vifaa maalumu vya kazi hiyo vipo, na bei yake usiulize. Hiki cha fundi nilikodi kwa wiki mbili. Kihesabio cha fremu zilizodondoka kikasoma sifuri hadi dakika ya arobaini, na mwisho wa kanda kilikuwa na nne tu.

Kuhusu nafasi kwenye diski, jiandae. Video ya PAL isiyobanwa kabisa hula karibu GB 75 kwa saa. Ukiibana kwa njia isiyopoteza kitu inashuka hadi karibu nusu. Usinase moja kwa moja kwenye flashi iliyopangwa kwa FAT32, itakatika kwenye GB 4 katikati ya sentensi. Na ukiona kwenye kompyuta mtu anayetembea ana kingo kama meno ya kitana, usiogope. Video ya zamani ilikuwa na nusu-picha 50 kwa sekunde, mstari kuruka mstari. Iache hivyo kwenye nakala ya asili, uyaondoe meno kwenye nakala ya kutazama.

Sasa nilikuwa na bibi ambaye midomo yake na maneno yake vinakwenda pamoja. Kilichobaki ni mkwaruzo, ile "shshsh" ya kanda inayolala juu ya kila kitu. Ukingo ule wa mkanda ni mwembamba, umehifadhi kelele nyingi. Programu ya kusafisha ninayo, na inafanya hivi: unaionyesha kipande chenye mkwaruzo mtupu, inajifunza umbo lake, kisha inauondoa kila mahali. Dakika mbili tu. Lakini kabla ya kusafisha nikamwita mama asikilize ile chafu, kwa sababu tu chai ilikuwa tayari na alikuwa karibu.

Nikamvalisha spika za masikioni. Bibi akatokea, khanga begani, akaangalia kamera kama mtu anayeangalia mgeni aliyekuja bila taarifa. Akasema, "Sikuusii mengi, mwanangu. Nakuusia subira na siri." Akaendelea kidogo kuhusu jirani na kuhusu kufunika chungu.

Mama aliweka kikombe chini. "Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Akasikiliza akiwa amefumba macho.

"Ndiye. Unasikia anavyopiga mluzi?"

Sikusikia mluzi wowote, nilisikia mkwaruzo. Akanionyesha. Kwenye kila "si", kila "su", kulikuwa na kitu chembamba kinachopenya, kama upepo chini ya mlango. Bibi alikuwa na pengo la jino la mbele. Lilitoka, mama akasema, mwaka aliozaliwa mjomba wa mwisho, na tangu hapo kila S yake ilitoka na mluzi. Watoto wa mtaa walikuwa wakimwiga, naye alikuwa akiwafukuza kwa ufagio huku akipiga mluzi zaidi, kwa sababu maneno ya kufukuza watoto yamejaa S. "Nyie watoto msio na simile." Mama akaliiga, akacheka, akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Nikaitoa ile DVD ya 2009 kutoka kabatini, nikaweka kipande kile kile. Hapo nikaelewa duka lile lilifanya nini. Herufi S na mkwaruzo wa kanda vinaishi mahali pamoja, juu kwenye sauti nyembamba. Programu haina namna ya kujua kwamba "shshsh" hii ni ya mkanda na "sss" ile ni ya mwanamke wa Tanga mwenye pengo. Ilifagia vyote. Kwenye DVD bibi anasema kitu kama "ikuii mengi, mwanangu", kwa sauti laini, nzuri, ya mtu aliye ndani ya maji. Mwenye meno yote. Mama alikuwa sahihi miaka yote ile, na sisi tuliobaki sebuleni hatukuwa na masikio ya kumwelewa.

Simlaumu mwenye duka. Alipokea kanda za watu asiowajua, na alifanya kile ambacho kila mteja angesema anakitaka. Kumsafishia mtu sauti bila kuijua ni kama kumnyoosha mtu tai kwenye picha ya maiti: unafanya wema, lakini ungemwuliza kwanza mke wake kama aliwahi kuivaa imenyooka. Mimi mwenyewe, mjukuu wake wa damu, nilikuwa na programu imeshafunguka na kidole juu ya kitufe.

Tangu siku ile nina utaratibu. Nakala ya kwanza, ile chafu, haiguswi kamwe. Inakaa kwenye diski mbili, nyumba mbili tofauti. Kurekebisha kunafanyika kwenye nakala nyingine, na kabla ya kurekebisha namkalisha mtu aliyekuwepo, na daftari. Hitilafu za mashine nazitambua mwenyewe: ukimya, mngurumo, kuchelewa, kuruka. Hizo hazimhusu mtu yeyote, nazitoa bila huruma. Kingine chochote nauliza.

Harusi ile imetujazia kurasa mbili. Kuna kikohozi nyuma ya hotuba ya babu wa bwana harusi. Mama alikitambua kabla hakijaisha, ni cha mjomba wake aliyefanya kazi kwenye shamba la mkonge hadi kifua kikamkataa, na ambaye kwenye picha haonekani hata mara moja. Kuna kigelegele kimoja kirefu kuliko vingine vyote, cha mwanamke ambaye, nimeambiwa, alikuwa akialikwa kwenye harusi za watu asiowajua kwa ajili ya kigelegele hicho tu. Kuna jenereta. Nilidhani hilo angalau ni takataka. Mama akasema jenereta lile aliliazima babu kwa mtu ambaye walikuwa hawasemeshani, na siku ya harusi ndiyo walipopatana. Limebaki.

Kwa hiyo msomaji, ukiamua kuanza na sanduku lako, watakuambia uanze na kanda iliyochoka zaidi. Kwa upande wa mashine ni kweli. Lakini kanda inaweza kukungoja mwaka mmoja zaidi kwenye mfuko mkavu, na mtu anayejua kikohozi ni cha nani pengine hawezi. Mimi sasa napanga kwa umri wa wasikilizaji. Inayofuata ni hitima ya babu, 1993. Waliobaki wanaozijua sauti za mle ni watatu, na mkubwa wao ni babu mdogo, yuko Pangani, ana miaka tisini na moja. Jumamosi napanda basi na deki mapajani. Binti yake amenihakikishia kwa simu kwamba sikio lake la kulia bado linasikia, ila niende asubuhi.